Kashfa ni ya aliyesema au ya aliyesemwa?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie neno ambalo magazeti na redio zetu zinalitumia kwa namna inayowaumiza watu wasio na hatia. Neno hilo ni kashfa.

Kwenye kitenzi hapana utata. Tukiambiwa fulani amekashifu dini ya mwenzake, au amemkashifu mwalimu mbele ya wanafunzi, kila mtu anajua mkosaji ni yule aliyefungua kinywa. Mahakama nazo zinalichukua hivyohivyo. Anayefungua kesi ya kashfa analalamika kwamba maneno ya mwingine yamemfanya adharauliwe, achukiwe au aharibikiwe na kazi yake. Hapa Tanzania, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ililiweka kosa hili kwenye jinai, marekebisho ya 2023 yakaliondoa huko, likabaki shauri la madai. Lakini kote huko anayetakiwa kujieleza ni msemaji, na ukweli wa alichosema unaweza kumwokoa.

Sasa soma vichwa vya habari: "Mwenyekiti akumbwa na kashfa ya fedha." Hapo kosa limeshahama. Aliyesema hayupo kabisa, na aliyesemwa ndiye amebebeshwa kashfa kama mali yake.

Asili ya neno ni Kiarabu, na huko lina maana ya kufunua. Kwa hiyo sipingi tunapoita kashfa jambo la aibu lililokwisha kufunuliwa. Suala la Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura, liliitwa kashfa, na lilikuwa na haki ya kuitwa hivyo: kamati teule ya Bunge ilichunguza, ikasoma ripoti yake mbele ya nchi nzima, na Februari 2008 Waziri Mkuu akajiuzulu. Kinachonikera ni kuliita kashfa jambo ambalo hakuna aliyelifunua bado.

Huku Urambo tunaishi kwa tumbaku, na malipo yakichelewa maneno huwa mengi. Katibu wa chama cha msingi kimoja cha ushirika alivumishiwa kwamba amekula fedha za wakulima. Redio moja ikatangaza "kashfa ya katibu". Wakaguzi walipokuja walikuta mnunuzi alikuwa hajalipa, na vitabu vya chama vilikuwa sawa. Redio haikurudi kulisema hilo. Yule bwana hakuchaguliwa tena, na mkewe akawa anamtuma mtoto mashineni kusaga ili asikutane na minong'ono ya foleni. Ukiwauliza watu kwa nini bado wanamshuku, wanakujibu: lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Ile "ya" katika "kashfa ya katibu" ndiyo iliyommaliza. Haisemi kama katibu alitenda au alitendewa. Aliyekashifiwa ni yeye, lakini msikilizaji alielewa kwamba aliyefanya uchafu ni yeye.

Wapo watakaosema nataka wezi wa ushirika wafichwe. Hapana, nami ni mkulima na kilo zangu zinapita kwenye mizani hiyohiyo. Waandike, tena wasichoke. Ila kabla ya ukaguzi au hukumu, hayo ni tuhuma. Yakiwa ni maneno ya kijiweni tu, ni uvumi. Yakionekana ni uongo, mtu huyo amezuliwa, amesingiziwa. Yakithibitika, hapo liite kashfa kwa herufi kubwa kadiri unavyotaka. Najua "tuhuma" halina ukali wa "kashfa" kwenye ukurasa wa kwanza, lakini ukali huo unalipiwa na mtu ambaye hajasikilizwa.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba chumba chako cha habari kiwe na kanuni juu ya neno hili. Na mtu akisafishwa na wakaguzi au na mahakama, mwandikeni kwamba alikashifiwa, kwenye ukurasa uleule na kwa herufi za ukubwa uleule mliomwandika nao mwanzo.

Mkulima wa tumbaku,
Urambo, Tabora