Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: amri ya matunzo ya mtoto si hukumu ya milele

Mheshimiwa Waziri,

Tunakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Tumesubiri, tumeandika kwa njia za kawaida, na tumekaa vikao vya wadau hadi tumechoka. Kilichotufanya tuandike hadharani ni jambo la juzi tu. Mama mwenye amri ya matunzo ya shilingi 60,000 kwa mwezi, iliyotolewa mtoto akiwa chekechea, alikwenda mahakamani kuomba iongezwe kwa sababu mtoto sasa yuko sekondari. Dirishani akajibiwa kwamba shauri lake lilishakwisha, faili limefungwa, na kama hakuridhika angekata rufaa ndani ya muda. Akaambiwa aende ustawi wa jamii. Ustawi wakamrudisha mahakamani, kwa maelezo kwamba wao hawawezi kugusa amri ya hakimu. Akarudi nyumbani na 60,000 yake ileile.

Jibu la dirishani lilikuwa kosa. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema mahakama inaweza, wakati wowote, kubadilisha au kufuta amri ya malezi au matunzo ya mtoto ikiridhika kwamba amri ilitokana na maelezo ya uongo au makosa ya ukweli, au kwamba hali imebadilika kwa kiasi kikubwa. Mama yule hakuwa akipinga hukumu, kwa hiyo hakuhitaji rufaa. Alikuwa anasema mtoto amekua. Tangu lini kukua kwa mtoto kukawa na ukomo wa muda wa rufaa?

Nchi hii ilishaona madhara ya kiwango kilichogandishwa. Sheria ya zamani ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa iliweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, na kikomo hicho kikabaki kwenye vitabu hata wakati shilingi 100 haikutosha kununua mkate. Bunge likaifuta kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kifungu cha 44 cha sheria hiyo hakikutaja kiasi chochote. Kiliitaka mahakama itazame kipato na mali za wazazi wote wawili, upungufu wowote wa uwezo wa mlipaji kujipatia kipato, mzigo alionao wa watoto wengine, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, na haki za mtoto mwenyewe. Hayo yote ni mambo yanayobadilika. Ndiyo maana inatuuma kuona amri inayotokana nayo ikishughulikiwa kana kwamba haibadiliki.

Tunaomba uangalie jinsi mambo yanavyoharibika huku chini.

Tuanze na baba aliyepunguzwa kazini. Anaamini kwamba mshahara ukikoma na amri imekoma. Haijakoma. Deni linaendelea kujikusanya kwa kiwango kilekile mpaka mahakama iseme vingine. Amri ya 60,000 ikikaa miezi 18 bila kulipwa ni 1,080,000, na siku mama anapokwenda kukazia hukumu, yaani kuomba mahakama ilazimishe malipo, baba anadaiwa fedha za kipindi ambacho kweli hakuwa na kitu. Angepeleka maombi mwezi uleule, akiwa na barua ya kuachishwa kazi, slipu ya mwisho ya mshahara na maelezo ya mafao yake kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, likiwemo fao la kukosa ajira kama anastahili, hakimu angekuwa na kitu cha kupima. Lakini hakuna aliyemwambia siku amri inasomwa kwamba njia hiyo ipo. Anazima simu, anahama mtaa, na mtoto anakosa hata ile 20,000 ambayo baba angeweza kuitoa.

Hapo kuna jambo ambalo amri nyingi hazilitazami. Baba akiwa ameajiriwa, mtoto hutibiwa kwa kadi ya bima ya mwajiri, kwa hiyo amri inasema tu kwamba matibabu yatakuwa juu ya baba. Ajira ikiisha, kadi nayo inaishia hapo. Mama anagundua akiwa mapokezi ya hospitali, mtoto ana homa mgongoni. Amri iliyoandikwa vizuri ingesema bima ikikatika ni nani anabeba gharama, na ndani ya siku ngapi mlipaji awe ametoa taarifa.

Halafu kuna baba ambaye hajapoteza kazi ila slipu yake imekonda. Mtumishi wa umma anatakiwa abaki na theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato. Mwenye mshahara wa msingi wa 750,000 anaweza kukopa hadi abaki na 250,000, kisha akaenda mbele ya hakimu na slipu hiyo kuomba kupunguziwa matunzo. Mkopo uliochukuliwa baada ya amri si kupotea kwa kipato. Ni uamuzi wake mwenyewe, na mara nyingi fedha hiyo imekuwa nyumba au bodaboda inayomwingizia chochote. Kipimo kiwe mshahara kabla ya makato ya hiari, na tarehe ya mkopo iulizwe. Mahakimu wazoefu huuliza. Wengine wanatazama namba ya chini kabisa ya karatasi na kuimaliza kesi hapo.

Kuoa na kuolewa tena kumejaa upotoshaji, na upotoshaji huo hatuusikii mitaani tu, tunausikia hata kwenye mabaraza ya usuluhishi. Mama akiolewa, mtalaka wake anaacha kulipa kwa hoja kwamba "sasa ana mume wa kumtunza." Kifungu cha 120 cha Sheria ya Ndoa kinakomesha matunzo ya mtalaka mwenyewe pale anapofunga ndoa nyingine. Hakimgusi mtoto. Wajibu wa baba kwa mtoto uko kifungu cha 129, na unabaki palepale hata mtoto akilala chini ya paa la mwanamume mwingine. Tatizo linaanzia kwenye uandishi wa amri: ikisema "mlalamikiwa atoe 150,000 kwa mwezi kwa matunzo ya mlalamikaji na watoto," bila kugawa, mama akiolewa hakuna anayejua ngapi ilikuwa yake na ngapi ya watoto. Ugomvi unaanza upya. Fungu la mama liandikwe peke yake, na la kila mtoto peke yake.

Kwa upande wa baba aliyeoa tena na kupata watoto wengine, sheria inautambua mzigo huo. Inautambua kama jambo la kupimwa na mahakama, siyo kama ruhusa ya kujipunguzia mwenyewe. Mtoto wa kwanza haporomoki kwenye foleni kwa sababu amezaliwa wa tatu.

Mtoto mwenyewe naye anabadilika kuliko wote. Elimu bila ada ilianza Januari 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikapanuliwa hadi cha sita. Tunaishukuru Serikali kwa dhati. Lakini akina baba wengi wanaitumia kama hoja ya kukataa nyongeza, na hoja hiyo haisimami kwenye hesabu. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anayepanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kwa nauli ya mwanafunzi ya 200, anatumia 800 kwa siku. Kwa siku 22 za shule ni 17,600 kwa mwezi. Bado hajala, hajanunua daftari, hajachangia chakula cha shuleni, na viatu havijapasuka. Kwenye amri ya 60,000, nauli peke yake imekula zaidi ya robo. Na akitimiza miaka 18 akiwa bado darasani, sheria inaruhusu matunzo yaendelee kwa ajili ya masomo, ila lazima mtu aende akaombe. Wangapi wanajua?

Mtoto anaweza pia kuhama. Mama anapata kazi za ndani Oman, mtoto anapelekwa kwa bibi Singida. Baba anaacha kutuma kwa sababu aliyetajwa kwenye amri hayupo nchini, au anaendelea kumtumia mama na bibi haoni kitu. Kinachotakiwa hapo ni maombi ya mambo mawili kwa pamoja: mpokeaji abadilishwe awe bibi, na kiwango kipimwe upya kwa gharama za mahali mtoto alipo sasa, kipato kipya cha mama nacho kikiwekwa mezani. Ni haki kwa baba vilevile. Sisi hatumtetei mzazi mmoja dhidi ya mwingine.

Kisha kuna wazazi wasio na mshahara kabisa. Mkulima wa korosho wa Newala kumpangia 40,000 kila tarehe 5 ya mwezi ni kumtengenezea deni. Fedha yake inaingia msimu wa minada, na kuanzia Machi hana. Sheria ya Mtoto inaruhusu malipo ya awamu au ya mkupuo, basi amri ifuate msimu: sehemu kubwa ilipwe mauzo yakitoka, kiasi kidogo kiasi cha unga na sabuni miezi mingine. Msimu ukiharibika, alete hati zake za mauzo kutoka chama cha msingi cha ushirika, na kiwango kipimwe.

Mheshimiwa Waziri, kuna mtego mwingine ambao tunakusihi uusikie. Wazazi wengi wana makubaliano yaliyoandikwa ofisi ya ustawi wa jamii, yenye sahihi na muhuri, na wanaamini ni amri. Siyo amri. Baba akiacha kulipa, huwezi kukamata mshahara wake kwa karatasi ile. Lazima kwanza yapelekwe mahakamani yawe amri. Tunadhani maofisa hawalisemi hili kwa sababu wanaogopa kuvunja suluhu waliyoihangaikia, na pengine kwa sababu ofisa ni mmoja na kata ni nyingi. Hata taarifa ya uchunguzi wa hali ya familia, ambayo mahakama inaweza kuiomba kwake, inachelewa kwa sababu hizohizo: hana usafiri wa kufika nyumbani kwa mtoto, na shauri linaahirishwa.

Usumbufu mwingine unatokana na kuwepo kwa njia mbili za kuomba mabadiliko. Amri iliyotolewa ndani ya shauri la talaka kwa kawaida inaombewa mabadiliko kwenye mahakama iliyoitoa. Maombi yaliyofunguliwa kwa Sheria ya Mtoto yanasikilizwa Mahakama ya Watoto, kwa kanuni zake za mwaka 2016. Mzazi hajui tofauti hiyo, na hapaswi kuijua. Karani anapaswa. Lakini mzazi ndiye anayezungushwa, na kila mzunguko ni nauli na siku ya biashara iliyopotea.

Na anapofika mahali sahihi, anafika mikono mitupu. Hakuambiwa alete nakala ya hukumu na ya amri yenye namba ya shauri, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua ya shule inayoonyesha darasa na michango, orodha ya matumizi ya mwezi yenye bei, na taarifa ya miamala ya simu ya angalau miezi 6. Hiyo ya miamala ndiyo inayoangusha wengi. Baba anatuma kwa namba ya shangazi, au anatoa fedha mkononi, halafu hana ushahidi hata wa shilingi moja. Mama naye anapokea kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mdogo wake. Kila amri ingetaja namba moja ya simu au akaunti moja ya malipo, na jina la mwenye nayo, nusu ya ubishi huu usingefika mbele ya hakimu.

Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka 2023 ikazinduliwa Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, na kwenye mabanda yake watu walipanga foleni na mafaili ya matunzo mikononi. Waliambiwa haki sasa inawafuata walipo. Maneno hayo yalisemwa hadharani na Serikali unayoitumikia, na wazazi hawajayasahau.

Tunajua waziri hampangii hakimu cha kuamua, na hatuombi hivyo. Tunajua kanuni za mahakama zina mamlaka yake. Lakini muswada unaweza kuuleta wewe, na kuzungumza na Mahakama unaweza wewe. Tulikuwa na orodha ndefu. Tumeipunguza hadi jambo moja, ili lisipotee kwenye makabrasha.

Tunaomba karatasi moja. Karatasi ya Kiswahili ya kuomba kubadilishwa kwa amri ya matunzo, ipatikane bure dirishani kwenye kila mahakama ya mwanzo na kila ofisi ya ustawi. Iulize namba ya shauri, kiwango cha sasa, nini kimebadilika na tangu tarehe gani, mtoto anaishi wapi na nani, na nyuma yake iorodheshe viambatanisho. Aipokee karani yeyote, na kama mahakama si hiyo, aipeleke yeye inakohusika, asimrudishe mzazi barabarani. Na kila amri mpya imalizie kwa sentensi inayomwambia kila mzazi kwamba hali ikibadilika aitumie karatasi hiyo, na asikate wala kuongeza malipo kwa uamuzi wake.

Karatasi hiyo, Mheshimiwa. Haihitaji jengo wala gari.

Shule zinafunguliwa Januari, na maombi ya nyongeza huwa mengi kuanzia Desemba, matokeo ya darasa la saba yakishatoka na watoto wamepangiwa sekondari. Tunaomba iwe dirishani kabla ya hapo, na tunaomba utujibu hadharani kama tulivyokuandikia.

Wako katika kulitumikia Taifa,

Wasaidizi wa kisheria wa kujitolea, mashauri ya ndoa na matunzo ya watoto, Tanzania Bara

Nakala: Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, Mtendaji Mkuu wa Mahakama