Barua ya wazi kwa Mwakilishi wa Wadi yetu: futa neno lile kwenye fomu ya binti yangu

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu. Nimekuja ofisini kwako mara nne, na mara zote nne nimeambiwa umetoka. Ujumbe niliokutumia kwa simu naona umesomwa, lakini jibu sijapata. Ndiyo maana leo nakuandikia mbele ya watu. Uniwie radhi.

Jumanne iliyopita binti yangu alikwenda ofisi ya wadi kuulizia basari, ule msaada wa karo. Anaingia Gredi ya 10, na ada ya shule aliyopangiwa siwezi kuimaliza kwa mahamri na mbaazi ninazouza. Karani alimtolea fomu yake. Pembeni ya jina la ukoo palikuwa pameandikwa kwa kalamu nyekundu: "Wa bara." Akamuuliza, "Kwenu wapi?" Mtoto akajibu, "Hapa hapa." Akaambiwa, "Hapa mmekuja tu. Kwa babu yako ni wapi?" Akanyamaza, kwa kuwa hajui. Hajawahi kufika huko hata siku moja. Basi akaambiwa wenyeji kwanza, zikibaki ndipo wengine wataangaliwa.

Aliporudi nilikuwa jikoni nageuza mahamri ya jioni. Akasimama mlangoni na sare yake akaniuliza, "Mama, kwani sisi kwetu wapi?" Mheshimiwa, karai zima liliungua. Nilisimama na mwiko mkononi nikashindwa kusema neno. Jibu nimelipata usiku, na nakuletea wewe, kwa sababu ofisi yako ndiyo iliyoliuliza swali.

Baba yangu alishuka kwenye treni Mombasa mwaka 1966, kijana wa miaka 19, akitokea Magharibi mwa Kenya. Alibeba magunia bandarini Kilindini mpaka mgongo ukakataa. Mimi nilizaliwa Likoni mwaka 1984. Nilijifunza kuzungumza huko, kwa Kiswahili cha huko, na lugha ya bibi zangu siijui zaidi ya salamu.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kiliposhambuliwa, nilikuwa na miaka 13. Vikaratasi vilikuwa vimeenezwa kwamba watu wa bara waondoke. Jirani yetu, bibi wa Kidigo aliyekuwa akituuzia nazi, aligonga dirisha la nyuma akasema, "Ingiani kwangu, na taa zimani." Bibi huyo alimvika mama buibui lake. Sisi watoto alitusukuma chini ya kitanda, nyuma ya marundo ya nazi, na mpaka leo nikisikia harufu ya makumbi mabichi moyo hunidunda. Usiku wa pili walikuja watu mlangoni. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia, "Humu mna wanangu tu." Wakaenda.

Bibi yule hakuniuliza kwa babu yangu ni wapi. Alikuwa mwenyeji kweli kweli, wa ukoo wa kaya, ile misitu mitakatifu ya wazee wa Pwani, na kama yupo aliyekuwa na haki ya kunihesabu au kuniacha ni yeye. Akanihesabu. Huyo karani wako ameipata wapi mamlaka ya kumtangua?

Baada ya wiki chache tulivuka feri na godoro moja na sufuria. Hatukwenda bara. Tulihamia ng'ambo ya pili ya maji, mtaa huu huu ninaokaa sasa, nilikokupigia kura. Baba alipofariki mwaka 2011 tuliwapigia simu ndugu zake. Walisema shamba limeshagawanywa, na marehemu alikuwa mtu wa Mombasa, azikwe huko huko. Kaburi lake lilichimbwa na vijana wa mtaa, Wagiriama, Wakamba na Waswahili, wakipokezana jembe kwenye jua la saa saba. Kwa hiyo huko tunaitwa Wapwani, na huku mnatuita wabara. Nionyeshe basi ni mahali gani katikati ya hapo binti yangu aende akaombe basari.

Nadhani fujo hii imeanzia kwenye kipande, yaani kitambulisho. Nilipokwenda kuchukua changu nikiwa na miaka 18, nilisema nimezaliwa Likoni. Nikaambiwa nilete cha baba, wakanakili wilaya yake, kata yake, kila kitu. Nyuma ya kipande changu pameandikwa mahali nilipofika mara moja tu, kwenye msiba. Na labda kuna jambo jingine pia. Watu wanasema uchaguzi wa 2027 unakaribia na orodha za basari zinapangwa kwa hesabu za kura. Sina ushahidi, lakini nimeishi hapa vya kutosha kujua kwamba maneno haya ya wabara na wenyeji hupanda bei kila uchaguzi unapokaribia.

Mimi sidai kuwa Mvita. Sidai kuwa Mdigo wala Mgiriama, na kaya si yangu. Kabila la mtu ni la kwao na naliheshimu. Lakini mji ni kitu kingine. Mzee mmoja wa Mji wa Kale anayenunua mahamri yangu kila Ijumaa aliniambia niwahesabu Thenashara Taifa, yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili, hao ndio wenyewe hasa wa Mombasa. Kuna Wamvita, sawa. Halafu kuna Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza. Pate na Faza ziko Lamu, mheshimiwa. Majina yenyewe yanasema walikotoka, na leo hakuna anayeweza kuwaambia Mombasa si kwao. Vuka daraja la Nyali utafika Kengeleni, palipopewa jina kwa kengele ya Frere Town, mji uliojengwa miaka ya 1870 kwa watu waliokombolewa utumwani. Wazee wao walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua, waliteremshwa hapa hawana hata shuka. Wajukuu wao uwaambie warudi wapi?

Sisemi haya kwa kudharau uchungu wa mwenyeji. Najua ardhi ya Pwani ilivyokwenda. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwaacha watu wengi wakiwa maskwota kwenye viwanja vya mababu zao, na mpaka leo wapo wanaolipa kodi ya ardhi kwa mtu wasiyemjua sura. Najua kazi za bandari zimewapita vijana wa hapa. Hasira hiyo ni ya haki. Lakini binti yangu hakuchukua ardhi ya mtu, wala babu yake aliyebeba magunia. Nyumba yetu ni ya kupanga, chumba kimoja na pazia. Reli mpya ilipoanza mwaka 2017 na makontena yakaanza kupakiwa treni, mume wangu aliyekuwa utingo wa malori alikaa nyumbani pamoja na jirani zake Waduruma. Njaa ile haikuuliza kipande cha mtu.

Nakukumbusha pia maneno yako. Mwaka 2022, chini ya mwembe ule wa stendi, ulishika kipaza sauti ukasema, "Katika wadi hii hakuna mbara wala mwenyeji, sote ni watu wa Mombasa." Nilikuwa mstari wa mbele. Nilikupa kikombe cha chai na mahamri mawili, ukakataa kunirudishia kikombe mpaka uniombee dua. Ulimshika kichwa binti yangu huyu huyu ukasema huyu ni mtoto wako. Ulikuwa unajua jina lake la ukoo siku hiyo. Halijabadilika.

Sheria unaijua kuliko mimi. Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kuishi popote nchini, na cha 27 kinakataza kumbagua mtu kwa kabila au asili yake. Sikuandika barua hii ili nikupeleke mahakamani. Nauli ya kwenda huko sina.

Wala siombi basari kwa huruma. Kama mtoto wangu hakufuzu, au yupo yatima mwenye shida zaidi yake, apewe huyo, nami nitakopa chamani, kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Nilikuwa na mambo mengi ya kuomba: karani aonywe, fomu zote zipitiwe upya, wazazi tuitwe kwenye kikao. Nimeyaacha. Naomba moja. Fomu iko kwenye kabati la chuma, upande wa kushoto unapoingia, kwenye faili la kijani. Itoe kwa mkono wako mwenyewe, ufute neno lile, halafu umwite mtoto umwonyeshe limefutika. Alikwenda peke yake siku ile. Safari hii nitakuja naye.

Kila siku tangu saa kumi na moja alfajiri nipo pale pale stendi na karai langu. Unapita hapo kwenda kazini.

Ni mimi,
Mama muuza mahamri, mzaliwa wa Likoni