Zile dakika nne

Mwanangu Baraka,

Bibi yako hajambo sasa. Jumanne presha yake ilifika 190/110, maana siku tisa hakumeza kidonge hata kimoja. Alishikilia rozela na kitunguu saumu, kama ulivyomwelekeza. Nilipomgombeza akanijibu, "Mjukuu wangu amesoma."

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti mara tatu. Dakika nne nzima unanguruma kama daktari bingwa, na hukumuuliza bibi yako swali hata moja. Anatumia dawa gani? Figo zake zikoje? Mganga wa zahanati yetu, mtu wa miaka thelathini kazini, akiletewa mgonjwa huuliza maswali mpaka wengine humdhania hajui kitu.

Lakini nisikuseme wewe peke yako. Mimi nilianza uuguzi nikigawa klorokwini, dawa ya malaria ya enzi hizo. Chungu, inawasha mwili mzima, na tuliiamini. Mama mmoja alimrudisha mtoto siku ya tatu, homa ile ile. Nikamwambia mbele za watu kwamba hakumpa dawa sawasawa. Akaapa kwamba alimpa. Sikumsadiki; aliyevaa gauni jeupe ni mimi. Kumbe vimelea vya malaria vilikwisha kuizoea dawa. Mwaka 2001 serikali ikaiweka kando, tukapewa dawa nyingine, SP, nayo mwaka 2006 ikapisha dawa mseto, ALu. Mara mbili nikajifunza upya kutibu ugonjwa niliodhani nimeumaliza. Yule mama nilimtafuta baadaye, walikwisha kuhama.

Wala mabadiliko hayo hayakuletwa na mwenye sauti kubwa. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa, wakawapima damu tena hadi siku ya 14, wakahesabu waliopona na wasiopona. Halafu mwaka 2020 naikuta klorokwini ile ile kwenye simu yangu, eti inaponya korona, na baadhi ya walionitumia hawajawahi kushika hata kipimajoto!

Rozela mwache anywe, hata mimi naipenda. Shida ni kwamba bado anaitunza ile sauti yako na kuwasikilizisha majirani. Mimi hanisikii. Mpigie wewe. Usimtumie sauti nyingine. Mpigie, umuulize anaendeleaje, umwache aongee, kisha umwambie ulikosea. Vidonge anameza saa mbili asubuhi, baada ya chai. Ukipiga kabla ya hapo utamkuta.

Wako,
Mama