Mimi si msaliti, mbona amenigeuzia kisogo?

Shangazi, shikamoo.

Ni saa tisa usiku na sijafumba jicho. Wenzangu wawili wa chumbani wanakoroma, sijui wanawezaje. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta, kwa hiyo ukiona imechanganyikana nivumilie.

Habari za mgomo wa wahudumu wa ndege bila shaka unazo, kila mtu anazo. Mimi ni mmoja wa wale wanagenzi, wale wa kwenye basi. Ndio sisi tunaopitishwa getini pazia zimefungwa. Na kabla hujaniita lile jina wanalotuita wote, naomba ujue kwamba mafunzo tuliyaanza kabla hata neno mgomo halijatamkwa. Hatukuletwa kuvunja mgomo wa mtu. Ulitukuta darasani, tukiwa na madaftari yetu.

Siku ya tatu basi lilikwama getini. Watu wakalizunguka, wakawa wanapiga bodi kwa viganja, “Mamluki! Mamluki!” Hilo kusema kweli halikuniuma, hawanijui wale. Nikachungulia upenyo wa pazia nikamwona dada. Macho yakagongana. Hakupiga kelele yeye. Alishusha bango lake, akanigeuzia kisogo, akabaki vilevile mpaka tukapita.

Shangazi, afadhali angenitukana.

Dada huyu hatukuzaliwa tumbo moja, lakini ndiye aliyenitia kwenye kazi hii. Fomu alinisahihishia yeye. Fundo la nywele alinifundisha yeye, hadi unywele mmoja usichomoze, na idadi ya pini anaijua kwa kichwa. Usiku wa kuamkia mtihani wa milango alikaa nami kwenye simu, yeye abiria, mimi mhudumu, nikawa napaza amri, “Fungua mkanda! Acha mizigo! Njoo huku!” mpaka wa chumba cha pili wakagonga ukuta. Alinieleza kwamba ndege inapopimwa kabla ya kuruhusiwa kubeba abiria, watu wote lazima waweze kutoka ndani ya sekunde 90, na nusu ya milango haitumiki. “Hapo huna muda wa kufikiri,” aliniambia, “mkono wako ndio unaofikiri.” Nilifaulu. Alilia yeye kuliko mimi.

Sasa siku ile pale getini, nilichoonyeshwa ni lile fundo. Limefungwa vizuri, kama kawaida yake.

Usidhani sielewi wanachogombania. Najua kwamba saa za kulipwa zinaanza ndege ikisogea. Kupandisha abiria, kubanana na mabegi, kutuliza mama mwenye mtoto anayelia, kusubiri ndege iliyocheleweshwa, hiyo yote ni sadaka. Agosti 2025 wahudumu wa Air Canada, zaidi ya 10,000, waligoma kwa jambo hilihili, wakaamriwa warudi kazini na wakakaidi. Habari ile nilitumiwa na dada mwenyewe. Nikamjibu kwa alama ya moyo. Nadhani bado iko kwenye simu yake.

Lakini na mimi nifanyeje? Tukiuliza habari ya mshahara, uongozi unasema ninyi bado si wafanyakazi, mnapewa posho. Mgomo ulipoanza, uleule uongozi ukatuita ukumbini ukasema ninyi ni wafanyakazi wetu na tunawategemea. Tukaenda kwenye chama. Chama kikasema ninyi si wanachama, hatuwezi kuwatetea mkifukuzwa. Sawa. Jioni yake chama hichohicho kikatuma ujumbe kuwa kinatarajia mshikamano wetu! Mwenzetu mmoja akaleta Mkataba Na. 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1948, unaosema wafanyakazi wote bila ubaguzi wana haki ya kujiunga na chama wanachokitaka. Tukausoma kwa sauti kama kitabu cha dini. Kisha basi likaja tukapanda.

Na kuna dhamana. Tulisaini kwamba ukiacha kabla ya miaka miwili, gharama zote za mafunzo unazilipa wewe. Nani husoma kurasa zile siku ya furaha? Dada aliniambia nizisome. Nilimwambia nimezisoma.

Narudi kwenye jambo lenyewe. Wiki iliyopita tuliletewa karatasi. Ukisaini, unakubali kuanza kuruka mapema. Kwa kawaida ukitoka darasani unapanda kwanza safari za kujifunzia, wewe ni mtu wa ziada, na mzoefu yuko begani kwako. Hesabu ni mhudumu mmoja kwa kila viti 50, na anayejifunza hayumo katika hesabu. Sasa wazoefu wako getini. Watakaotuangalia ni mabosi wa ofisini waliowahi kuruka zamani, na safari zenyewe zimepunguzwa mpaka mbili, ya tatu tunahesabiwa. Mkufunzi wetu wa moto alivua beji katikati ya wiki akatoka nje. Barakoa ya moshi nimeivaa mara moja tu. Ukiivaa unasikia pumzi yako mwenyewe kama ya mtu mwingine, na mara moja haitoshi, hata mimi nisiyejua kitu nalijua hilo.

Kwa hiyo usiniambie ninaogopa watu wa getini. Ninaogopa moshi. Na ninaogopa kumwambia mtu yeyote kuwa ninaogopa, maana wa ndani wataniona nimeegemea chama, na wa nje watasema si tulikwambia?

Wengine watano walikataa kusaini. Walirudishwa kwao siku ileile, hata sare walivulishwa. Wale walipigiwa makofi getini, nilisikia kutoka dirishani. Dada alimkumbatia mmoja wao, msichana ambaye hata hakuwa akimjua! Mimi aliyenijua, kisogo.

Nisikufiche. Nimekuwa nikiandika kama vile karatasi iko mezani inanisubiri. Nilisaini tangu Ijumaa. Nilikuwa wa pili kwenye foleni. Nilijiambia ni kwa sababu ya dhamana, na ni kweli, ila pia nilitaka sana kuruka, Shangazi. Nimetaka tangu sijui lini. Hilo nalo ni kosa?

Ratiba imetoka leo jioni. Safari mbili za kujifunzia ni Jumatatu na Jumanne. Alhamisi nahesabiwa, na nimepangwa mlango wa pili kushoto, katika safari aliyokuwa akiruka yeye. Ni mlango wake ule. Aliwahi kunisimulia kwamba kiti chake cha kukunja kinalia kama paka usipokibana kwa goti. Kati ya milango yote ya ndege zote!

Sitaki msamaha wake. Sikumkosea kitu. Mgomo ukiisha yeye atarudi na cheo chake, na mimi nitakuwa yule wa kwenye basi mpaka nizeeke, sasa nani anapaswa kumwomba mwenzake msamaha? Lakini akinitumia hata nukta moja, nukta tu, nahisi ningelala.

Nimemwandikia ujumbe. Ni “Shikamoo dada” basi, mengine yote nimefuta. Uko hapa kwenye simu sijautuma, na ninachotaka uniambie ni hiki: niutume kabla sijapanda siku ya Alhamisi, au baada ya kushuka? Nikiutuma kabla atadhani ninaomba ruhusa. Nikiutuma baada atadhani ninamringia. Usinishauri nisiende, hilo sikukuuliza. Au kama unaona kweli nisiende, basi andika, lakini uandike na dhamana nitailipa kwa kitu gani.

Ukiichapisha barua hii ondoa jina langu. Ondoa pia ile habari ya fundo la nywele, maana akiisoma atajua ni mimi. Au basi, iache.