Karatasi inayosema nina tezi dume: barua kwa akina mama wa vikoba vya Tengeru

Wanangu wa Tengeru, Usa River na Maji ya Chai,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Nawaandikia kwa sababu kikaoni mnanipa dakika tano kisha mnakimbilia marejesho, na hili la makopo ya virutubisho haliishi kwa dakika tano.

Mwezi uliopita mlinialika kwenye ile semina. Nilikuja. Nikakaa mbele kwa kuwa masikio yangu yamechoka, nikapewa soda, nikangoja zamu yangu ya "kupimwa mwili mzima". Kijana mtanashati, tai nyekundu, akanipa kijiti cha chuma nikishike, waya wake umechomekwa kwenye kompyuta. Akaniuliza umri na uzito, akaandika. Hata soda sijaimaliza, karatasi nne hizo: zinki imepungua, seleni imepungua, kalsiamu imepungua. Ukurasa wa tatu ukasema tezi dume yangu iko katika hali ya wastani. Alisahau kubadilisha jinsia ya mzee aliyenitangulia. Mimi nimezaa watoto watano, na wa watu niliowazalisha sina hesabu yao. Nikaikunja karatasi, nikaifunga kwenye pindo la kanga, sikumwaibisha mtoto wa watu.

Ila ninyi nitawaambia. Ile mashine haina njia ya kujua una zinki kiasi gani. Wekundu wa damu unapimwa kwa tone la damu yenyewe. Ukishika chuma kikajua maini yako, figo zako na madini yako yote kabla soda haijaisha, basi hospitali zote zingeshauza maabara zao. Na mbona hakuna aliyetoka pale akaambiwa yuko sawa? Tulikuwa zaidi ya arobaini. Wote tuna upungufu, na wote dawa yetu iko kwenye kopo lile lile la shilingi laki na themanini.

Msinielewe vibaya. Miaka thelathini na nne nilikuwa nesi wa kliniki ya mama na mtoto, vidonge vya madini nimegawa kwa mikono hii. Madini haya ni kweli na ni makubwa kwa kazi, ingawa kwa kipimo ni kiduchu. Chukulieni madini joto: mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Yote atakayohitaji toka kuzaliwa hadi kuzikwa hayajazi kijiko cha chai. Lakini yakikosekana, shingo inaota rovu, na mtoto aliye tumboni anaweza kuzaliwa na akili iliyodumaa. Wenye umri wangu mnawakumbuka bibi wa milimani waliokuwa wakifunga kitambaa shingoni kuficha rovu. Leo huwaoni, kwa sababu ya chumvi tu, ile ya pakiti inayotiwa madini joto kiwandani, ya bei ya andazi. Ifunikeni, isikae karibu na moshi, na itieni chakula kikikaribia kuiva.

Sasa mambo ya kipimo. Hapa kwetu hatuna haja ya kufundishwa na mgeni, tunabeba ushahidi mdomoni. Nikicheka mnaona meno yangu: kahawia, yenye mistari. Ni floraidi. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, inaingia kwenye chemchemi na visima vyetu. Floraidi kidogo inalinda meno yasioze, ndiyo maana inatiwa kwenye dawa ya meno. Ikizidi wakati meno ya mtoto bado yanajengeka, yanatoka na madoa ya maisha. Ikizidi sana kwa miaka mingi, inaingia kwenye mifupa: mtoto anapata matege, mzee anashindwa kugeuza shingo. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita ya maji, na vyanzo vingi vya huku kwetu vinavuka hapo mbali. Halafu tunaongeza magadi kwenye makande ili yaive haraka na kuni zipungue, na magadi nayo yamebeba floraidi. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua, floraidi inabaki pale pale. Mwenye mtoto mdogo akinge maji ya mvua, au atumie chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ule waliokuwa wanautafiti pale Ngurdoto.

Madini hayo hayo, wanangu. Kidogo yanalinda jino, mengi yanapinda mguu. Ndiyo maana nikimsikia mtu kwenye semina anasema "ni vitu vya asili, hata ukizidisha havina madhara", mate yananikauka. Floraidi ya Meru ni ya asili kuliko kopo lolote.

Zinki ukimeza kwa wingi kila siku kwa miezi, inazuia shaba isiingie mwilini; shaba ikikosekana damu inapungua na miguu inaanza ganzi. Mtu mzima asivuke miligramu 40 kwa siku bila daktari. Seleni ni mbaya zaidi, kwa sababu haja yake na sumu yake zimekaribiana: mwili unataka mikrogramu 55 hivi, na mpaka wa juu ni 400. Mwaka 2008 huko Marekani watu wapatao 200 walipata sumu baada ya kunywa kirutubisho cha maji kilichokosewa kipimo kiwandani. Nywele zikanyonyoka, kucha zikaharibika. Na hapo ni Marekani. Lile kopo lenu lebo yake ina lugha tatu na hakuna hata moja inayotaja kiasi cha seleni, nimelisoma kwa miwani na kwa tochi ya simu.

Linaloniuma hasa ni la binti mmoja miongoni mwenu, jina lake nalihifadhi. Mimba ya miezi sita. Alichukua mkopo wa kikoba akanunua kopo, akaweka FEFO za kliniki, vile vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki, kwenye droo akiamini ni za bure kwa hiyo ni dhaifu. Nilipoenda kumsalimia nikaona kiganja chake cheupe kama unga. Wekundu wa damu ulikuwa 8 tu. Nikalisoma kopo: madini chuma miligramu 5. Mjamzito anatakiwa apate kati ya 30 na 60 kila siku, pamoja na asidi ya foliki, na ndicho kilichokuwa kimelala kwenye droo. Tukaanza upya. Siku ya pili namkuta anameza FEFO kwa chai ya maziwa! Chai inashika chuma, maziwa nayo yanazuia. Nikamkamulia limau kwenye maji. Chai akainywa baadaye, baada ya muda wa saa mbili hivi, na udongo aliokuwa anatafuna kwa siri nikamwomba auache, maana huo nao unashika chuma na kuleta minyoo. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni dawa. Wiki sita damu ikafika 10.6. Kopo bado anadaiwa.

Zinki nayo ina mahali pake: mtoto anayeharisha anapewa pamoja na ORS, miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi sita, siku kumi hadi kumi na nne. Kuhara kukikoma siku ya tatu mnaacha, najua mnaacha. Malizeni vidonge.

Mnaokunywa dawa za kila siku za CTC, kliniki ya VVU, hili ni lenu na msione haya kuliuliza. Dawa yenye dolutegravir ikikutana tumboni na chuma au kalsiamu bila chakula, inashikwa na haifanyi kazi sawasawa. Ama vimezwe pamoja na chakula, ama dawa itangulie kwa muda wa saa mbili, au ifuate baada ya muda wa saa sita. Mwambieni mhudumu wenu kila kopo mnalotumia. Hakuna muuza virutubisho aliyewahi kuwauliza mnakunywa dawa gani, na ndilo swali la kwanza ambalo angepaswa kuuliza.

Chakula mnakijua kuliko mimi. Maini, dagaa, kunde, mnafu uliokamuliwa limau. Maharage yalowekwe usiku, maji yamwagwe. Ulezi mkiuotesha kimea kabla ya kusaga, au uji mkiuchachusha, chuma na zinki vinafunguka, kwa sababu nafaka inavifungia na kuota kunavifungua. Mama zetu waliotesha ulezi kwa ajili ya mbege, uji wa mtoto wakausahau, lakini hiyo ni barua nyingine.

Kwa mliokwisha kuwa mawakala: sitaki muaibike wala mgombane. Najua mmeingiza mtaji, na wengine mmewaunga dada zenu chini yenu. Naomba tu msimuuzie mjamzito, msimwambie mtu aache dawa ya sukari au ya presha, na hela ya mfuko wa jamii wa kikoba isiguswe kwa ajili ya makopo. Mwenye kopo ambalo halijafunguliwa alirudishe mapema pamoja na risiti yake, kabla semina haijahamia Moshi.

Jumapili baada ya ibada nitakuwa chini ya mwembe pale tunapokaliaga. Njooni na makopo yenu, na zile karatasi nne. Nitawasomea lebo moja baada ya moja, na mimi nitaleta yangu, mnikagulie hiyo tezi dume.

Bibi Nesi, Tengeru