Malalamiko kuhusu kompyuta mliyoniuzia kwa ahadi kwamba inashushwa Windows 10

Karakana ya kudarizi,
Morogoro.

20 Februari 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Kuuza Kompyuta,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KOMPYUTA MPAKATO ISIYOWEZA KAZI ILIYONUNULIWA KUIFANYA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Desemba mwaka jana nilinunua kwenu kompyuta mpakato mpya ya kuendeshea mashine ya kudarizi. Kabla sijalipa nilimweleza ofisa mauzo wenu kwamba programu yangu ya kuchorea nembo inafanya kazi mpaka Windows 10, haivuki hapo. Waliotengeneza programu hiyo wameliandika hilo waziwazi, na nilimwonyesha kwenye simu yangu. Akanijibu nisiwe na wasiwasi, kompyuta inakuja na Windows 11 Pro, na mwenye Pro anaruhusiwa kushuka, yaani kurudi kwenye Windows 10. Nikamwomba aliandike. Akaandika kwenye profoma, chini kidogo ya bei: "Windows 11 Pro, inashushwa Windows 10 Pro." Nakala ya profoma hiyo nimeiambatisha pamoja na risiti ya EFD.

Nilitoa fedha yangu kwa sababu ya mstari huo. Kama usingekuwepo, ningechukua kompyuta ya bei ndogo zaidi iliyokuwa pembeni yake, au ningekwenda duka jingine. Leo shule zimekwisha kufunguliwa, msimu wa sare ambao ndio unaoibeba karakana yangu mwaka mzima unaelekea ukingoni, na kompyuta bado haijatulia.

Naomba nieleze yaliyotokea kwa urefu, kwa sababu kila nilipopiga simu kwenu nilipokelewa na mtu mpya na kuanza hadithi upya.

Kabla ya kushusha chochote tulijaribu programu ndani ya Windows 11 kama ilivyokuja, maana kama ingekubali nisingesumbua mtu. Programu ile ina ufunguo wake wa USB unaothibitisha leseni. Tulipouchomeka, taa yake haikuwaka. Fundi wetu wa hapa Msamvu aliangalia akakuta Windows 11 imezuia draiva ya ufunguo huo, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuwasiliana na kifaa, kwa kuwa kwenye kompyuta mpya ule ulinzi wa kumbukumbu unaokataa draiva za zamani huwa umewashwa tangu kiwandani. Akauzima, taa ikawaka, programu ikafunguka. Lakini kila tulipofika kwenye kutuma mchoro kwenda kwenye mashine, programu ilijifunga. Hapo ndipo tukawapigia ninyi.

Mtaalamu wenu wa kwanza alituambia tuingie kwenye mipangilio, sehemu ya urejeshaji, tubonyeze kitufe cha kurudi toleo la awali. Kitufe hicho kimewekwa kwa ajili ya kompyuta iliyokuwa na Windows 10 kisha ikapandishwa kwenda 11, na hata hiyo hupewa siku 10 tu. Kompyuta iliyotoka kiwandani na Windows 11 haina toleo la awali la kurudia. Mtu anayehudumia wateja wa kompyuta kila siku anapaswa kulijua hilo.

Wa pili alisema tuandae flashi ya Windows 10 tuisakinishe upya. Huo ulikuwa ushauri sahihi. Fundi akaandaa flashi kwa kutumia zana ya Microsoft yenyewe, akaiwasha kompyuta kupitia flashi, akafika mahali pa kuchagua diski. Orodha ilikuwa tupu kabisa, hata diski moja haikuonekana. Tulipowaeleza, mtaalamu wenu alisema diski imekufa na kompyuta irudishwe Dar es Salaam kwa gharama yangu. Ndugu Meneja, diski hiyo ilikuwa imewasha Windows 11 mbele ya macho yetu muda mfupi kabla ya hapo. Diski iliyokufa haifanyi hivyo.

Sababu haikuwa siri. Kuanzia prosesa za Intel za kizazi cha 11, watengenezaji wengi wa kompyuta huwasha kitu kinachoitwa VMD, kinachokaa kati ya diski na mfumo endeshi. Flashi ya Windows 10 haina draiva yake, kwa hiyo haioni kilicho nyuma yake. Ukiipatia draiva hiyo, inayotolewa bure na Intel, diski inajitokeza. Mtu wenu angelijua hilo, ningeokoa nauli ya kifurushi cha basi kwenda na kurudi, maana kompyuta niliituma kweli, mkaipima, mkanirudishia na kikaratasi kinachosema "diski nzima".

Sasa nifike kwenye jambo lililoniumiza kuliko yote. Ilipokuwa imerudi, mtaalamu wenu alituelekeza kwa simu tuingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofanya kazi kabla Windows haijawaka, tuzime VMD, kisha tuzime na ulinzi wa kuwasha (Secure Boot) na ile chipu ya usalama iitwayo TPM, "ili Windows 10 isigome". Windows 10 haigomei ulinzi huo wala chipu hiyo, na hakukuwa na haja ya kuvizima. Tulifuata maelekezo. Kompyuta ilipowaka ikaleta skrini ya buluu ikidai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48, kwa kuwa diski ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda faili. Ndani yake mlikuwa na oda zangu za shule, vipimo vya sweta, na picha za nembo ambazo walimu wakuu walikuwa wamenitumia tangu Desemba.

Ufunguo huo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika siku kompyuta inaandaliwa. Akaunti hiyo haikuwa yangu. Siku ya kununua, kijana wenu aliiandaa kompyuta dukani kwa akaunti ya ofisi yenu, akaniambia ndivyo mnavyofanya kwa kila mteja ili waranti isajiliwe. Maana yake ni kwamba ufunguo wa kazi zangu ulikuwa kwenu, mimi sina, na hakuna aliyeniambia kwamba upo. Nilipoomba nitumiwe, nikajibiwa kwamba aliyeandaa kompyuta hiyo hayupo kazini na nenosiri la akaunti analijua yeye. Wiki hiyo ndiyo shule zilikuwa zinafungua. Wazazi walikuwa wamekaa kwenye benchi mbele ya karakana wakisubiri sweta, na mimi siwezi hata kufungua orodha ya majina.

Aliyetuokoa ni fundi, si kampuni yenu. Alirudisha BIOS kama ilivyokuwa, kitu kwa kitu, Windows 11 ikakubali kuwaka bila kudai ufunguo, tukanakili kila faili kwenye diski ya nje kabla ya kugusa kingine chochote. Ufunguo ule sijaupata mpaka leo. Siwatuhumu kwamba mmefungua faili zangu. Nasema mteja anayelipia kompyuta anapaswa kuondoka dukani akiwa yeye peke yake mwenye funguo za kompyuta hiyo. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nami ninazo taarifa za watoto wa watu humo ndani. Kama kweli mnaandaa kompyuta za wateja wote kwa akaunti moja ya ofisi, acheni, kabla hamjamfungia mtu ambaye hana fundi wa kumwokoa.

Baada ya hapo, flashi ikiwa na ile draiva ya Intel, Windows 10 Pro iliingia bila taabu. Leseni ilijithibitisha yenyewe, wala hatukuhitaji kununua kitu. Ufunguo wa USB ukawaka, programu ikafunguka, na nembo ya kwanza ikashonwa juu ya kitambaa cha majaribio, nyuzi zake zimekaa sawasawa, hakuna mshono ulioruka. Kwa hiyo lile nililomweleza ofisa mauzo wenu Desemba lilikuwa kweli: kwenye Windows 10 kazi yangu inakwenda.

Lakini kompyuta yenyewe ikawa nusu. Wi-Fi haipo kabisa. Sauti haipo. Pedi ya kugusia ilikuwa imekufa mpaka fundi alipopata draiva ya Intel ya kuiamsha. Skrini nayo ilikuwa na maandishi makubwa yaliyotawanyika mpaka ilipopata ya kwake. Hayo mawili yamekwisha. Sauti siihitaji kushona, naiacha. Yaliyobaki ni mawili na ndiyo yanayonizuia: Wi-Fi, na kulala. Ukifunika kompyuta hii, au ukiiacha ikajilaza yenyewe, haiamki tena. Inabidi ushike kitufe cha kuwashia mpaka izimike, uanze upya, na kama ilikuwa inatuma mchoro mrefu, kitambaa kilichokuwa kwenye fremu kimeharibika. Tumezuia isijilaze, lakini umeme ukikatika betri inaisha upesi na tunarudi palepale. Nembo za shule napokea kwa barua pepe, kwa hiyo kila siku nafunga simu yangu kwa waya kwenye kompyuta na kulipia bando, wakati intaneti ya karakana ninayo.

Tumetafuta draiva hizo kwenye ukurasa wa mtengenezaji, kwa jina kamili la modeli lililobandikwa chini ya kompyuta. Ukichagua Windows 11, draiva zinashuka ukurasa mzima. Ukichagua Windows 10, hakuna kitu. Hapo ndipo penye kosa lenu, na naomba mlisome vizuri: ruhusa ya kushuka inatoka Microsoft, lakini uwezo wa kushuka unatoka kwa mtengenezaji wa kompyuta. Ninyi ni wakala wake. Kabla ya kuandika neno "inashushwa" kwenye profoma, ofisa wenu alipaswa kufungua ukurasa ule na kuangalia. Ni kazi ya dakika chache. Angeniambia "mama, leseni inaruhusu lakini modeli hii haina draiva za Windows 10, chukua ile nyingine," ningemshukuru na ningelipa hata zaidi.

Nimekwisha kusikia hoja zenu mbili, nazijibu hapa ili tusipoteze muda.

Ya kwanza ni kwamba Windows 10 inakwisha. Najua. Microsoft inasitisha huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na mpaka siku hiyo inaendelea kupata masasisho ya usalama, na leseni yangu ya Pro inaniruhusu kuitumia. Nimeshapanga kununua toleo jipya la programu ya kudarizi, lile linalokubali Windows 11, kwa mapato ya msimu huu. Ndiyo sababu nilihitaji kompyuta inayofanya kazi sasa. Kila wiki mnayochelewa mnaikata kwenye muda huo mfupi niliobakiwa nao, na mnaikata kwenye fedha ambayo ingenunua programu hiyo.

Ya pili ni ile niliyoambiwa kwa simu mwezi huu, kwamba waranti imefutika kwa kuwa nimebadilisha mfumo endeshi. Sikubaliani nayo hata kidogo. Hakuna aliyefungua kompyuta kwa bisibisi. Tulichofanya ni kile kilichoandikwa kwenye profoma yenu, tukiongozwa kwa simu na wataalamu wenu wenyewe. Kadi ya waranti nimeisoma mbele na nyuma na haisemi kitu kama hicho. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayonunulia bidhaa na kutegemea utaalamu wake. Mimi nilieleza, na mlijibu kwa maandishi.

Kwa hiyo naomba, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, mnipatie kutoka kwa mtengenezaji draiva za Windows 10 za Wi-Fi na za usimamizi wa umeme kwa modeli hii. Mkishindwa, nibadilishieni kompyuta hii kwa modeli ya thamani hiyohiyo ambayo mtengenezaji wake anatoa draiva za Windows 10, na muijaribu ikiwa imeshushwa tayari, mbele yangu, kabla sijaondoka nayo. Likishindikana hilo pia, nirudishieni fedha zote. Vyovyote itakavyokuwa, nataka barua yenye muhuri inayosema waranti yangu iko hai, nataka kompyuta yangu iondolewe kwenye akaunti ya ofisi yenu na ufunguo wake wa urejeshaji ufutwe huko, na nataka nirudishiwe nauli ya kifurushi kilichotumwa kwa sababu ya diski isiyokuwa mbovu. Stakabadhi ya basi nimeiambatisha. Malipo ya fundi sijayaweka kwenye madai, ingawa kazi aliyoifanya ilikuwa yenu.

Muda huo ukipita bila jibu la maandishi, nitapeleka nakala ya barua hii na viambatanisho vyake Tume ya Ushindani. Mkiamua kunipigia, pigeni kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, maana katikati ya hapo mashine inapiga kelele na siisikii simu. Na tafadhali anayepiga awe ameisoma barua hii mpaka mwisho.

Wenu mteja,

Mmiliki wa karakana

Viambatanisho: nakala ya profoma, risiti ya EFD, kadi ya waranti, kikaratasi chenu cha upimaji wa diski, stakabadhi ya kifurushi cha basi.