Ofisini tulikwenda kwanza, ndipo tukatoka barabarani

Mhariri,

Kila vijana wa Mombasa wanapoandamana, hakosi kiongozi wa kusimama mbele ya vipaza sauti aseme, "Milango yetu iko wazi, mbona hawaji ofisini tukazungumza?" Niliisikia kauli hiyo Juni 2024 wakati wa Mswada wa Fedha, nikaisikia tena mwaka uliofuata. Kwa asiyejua mambo, ni kauli ya busara. Naomba nafasi niijibu, maana sisi wa huku upande wa bara, Mikindani, Jomvu na Changamwe, ofisi hizo tumezizoea hadi askari wa langoni anatuita kwa majina.

Nianze na jirani zetu wa Owino Uhuru. Mtaa wao ulipakana ukuta kwa ukuta na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Moshi uliwashukia, maji machafu yakapita kwenye mitaro wanamochezea watoto. Kina mama waliharibikiwa na mimba. Watoto walipopimwa damu, ikakutwa na sumu ya risasi. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho hicho, na mwanawe mchanga akaugua. Hakuanzia barabarani. Alianza na wakubwa wake kazini, akaenda kwa maofisa wa serikali, akaandika barua. Ilikuwa 2012 alipotoka na wakazi kuandamana, akakamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi. Korti ilimwachilia.

Yaliyofuata ndiyo ninayotaka wenye kutushauri "twende ofisini" wayasome polepole. Kiwanda kilifungwa 2014. Kesi ya fidia ikafunguliwa 2016. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikaamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo. Desemba 2024, Mahakama ya Juu ikairudisha. Miongoni mwa waliobebeshwa lawama ni NEMA, mamlaka iliyoundwa kulinda mazingira. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa maandamano yale alikuwa na miaka 12 siku Mahakama ya Juu ilipokubali kwamba mama zake walisema kweli. Na aliyeitwa mchochezi alikuwa ameshatunukiwa Tuzo ya Goldman, tuzo ya kimataifa ya watetezi wa mazingira, tangu 2015. Sijasikia aliyemwita hivyo akimwomba radhi.

Ukitaka mfano wa pili, tazama bandari. Agosti 2019 ilitoka amri kwamba makontena ya mizigo inayoingia nchini yapakiwe kwenye reli ya SGR hadi Nairobi, mwenye mzigo apende asipende. Anayedhani hilo lilimwumiza tajiri mwenye matrela peke yake hajawahi kuishi Changamwe au Miritini. Trela likikosa kazi, dereva na utingo wake hawana kazi. Fundi wa magurudumu, muuza chakula wa kando ya barabara, mwenye nyumba za kulala wageni, wakala wa forodha na karani wake, wote wanatazamana. Wenye biashara walikwenda kuonana na wakubwa, wakaenda tena. Hatimaye watu wakawa wanaandamana kila Jumatatu, wakapigwa gesi ya kutoa machozi, wakakamatwa, na Jumatatu iliyofuata wakarudi. Oktoba serikali ikatangaza kuisitisha amri hiyo.

Lakini haikuishia kwenye tangazo. Makontena yaliendelea kupanda treni, na watu wa Okoa Mombasa, muungano wa wanaharakati na wakazi, walijua kwamba bila kuona mkataba wa reli tutabaki kubahatisha. Wakaenda kortini. Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru mikataba itolewe. Septemba 13 mwaka huo huo, siku aliyoapishwa, Rais Ruto akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa. Novemba waziri wa uchukuzi akatoa sehemu ya mikataba, nasi tukajionea kwamba ugomvi wowote wa mkopo wa China uliojenga reli hiyo ungekwenda kuamuliwa Beijing. Hayo tuliambiwa kwa miaka kuwa ni siri ya nchi. Maandamano peke yake yasingeyafukua, na kesi bila maandamano ingekuwa faili jingine la kuliwa na mchwa.

Sasa nije kwenye huo "ushirikishaji wa umma" tunaoambiwa ndiyo njia ya kistaarabu. Nilihudhuria kikao kimoja cha kutoa maoni kuhusu bajeti, katika ukumbi ambao sitautaja. Tangazo lilitoka gazetini siku chache kabla, kwa Kiingereza, kwa herufi za kumtafutia mtu miwani. Tulifika saa tatu asubuhi, tukapewa karatasi ya kuandika jina, nambari ya simu na sahihi. Ofisa mhusika aliingia saa tano na nusu. Kitabu cha makadirio kilikuwa kimoja tu pale mezani, chote Kiingereza na majedwali. Muuza samaki mmoja akasimama, akauliza pesa za kukarabati soko lao, zilizoahidiwa mwaka uliotangulia, ziko ukurasa gani. Ofisa akapekua, akarudi nyuma, akapekua tena. "Hilo tumelichukua, mama." Mama akabaki amesimama, akingoja ukurasa. Mwenyekiti akamwita msemaji mwingine. Baadaye soda zikapitishwa, nauli ikagawanywa kwa waliokuwa karibu na mlango, na picha ya pamoja ikapigwa. Picha ile ndiyo itakayoonyeshwa bunge la kaunti kuthibitisha kwamba wananchi walisikizwa.

Hicho ni kiini macho, na sheria haikukiruhusu. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalilazimu bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi, kama vile cha 118 kinavyolilazimu Bunge la Kitaifa na Seneti. Cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka wananchi wapate habari kwa wakati ufaao. Kutoyafuata haya kuna gharama: Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, mradi wa megawati 1,050, na sababu kubwa ilikuwa kwamba watu wa Lamu hawakushirikishwa ipasavyo. Nina hakika huko nako picha za vikao zilikuwapo.

Kuhusu polisi nitasema machache. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha. Sheria ya mikutano ya hadhara inamtaka mwandalizi ampelekee mkuu wa kituo taarifa, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla. Hakuna mahali imemtaka apige magoti kuomba kibali. Hata hivyo vijana wetu wakipeleka barua hiyo huzungushwa: afisa hayupo, muhuri umefungiwa, njooni kesho. Mwisho husikia kwenye habari kwamba maandamano yao "hayana ruhusa". Na 2025 ukaletwa Bungeni mswada wa kuwaweka waandamanaji umbali wa mita 100 kutoka Bunge, mahakama na maeneo mengine yaliyolindwa. Kisiwa chetu hiki kidogo, ukipima mita 100 kuzunguka kila jengo la wakubwa pale mjini, utaandamana ndani ya maji.

Sitetei aliyevunja duka la mtu. Biashara iliyoporwa ni ya mwananchi kama sisi, na wahuni wa kukodiwa wanaojipenyeza na marungu tunawajua, na aliyewalipa naye hujulikana. Nina lawama pia kwa wanaharakati wenyewe. Wapo waliozoea warsha za hoteli za Nyali kuliko kukaa kwenye kijiwe cha kahawa Majengo wakasikiliza. Na vijana waliojaa barabarani Juni 2024 wengi hawakuonekana Desemba, pale baadhi ya mapendekezo ya kodi ya mswada ule ule uliokataliwa yaliporudishwa kupitia sheria nyingine na kutiwa sahihi. Wao walikuwa wameshazika wenzao. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu vifo 60 nchini katika maandamano ya mwaka ule. Sithubutu kuwaita wavivu. Nasema tu kwamba kodi hurudi kimyakimya, kwenye majedwali, na huko ndiko wanakohitajika watu wenye subira ya kusoma.

Husemwa pia kwamba wanaopinga ni watu waliotumwa. Dai hilo halikuanza juzi, wala Mombasa kugoma hakukuanza na simu za mkononi. Januari 13, 1947 wafanyakazi wa bandari, wa reli na wa majumbani walisusa kazi mji mzima kwa siku 12, wakawa wanakutana kwenye uwanja wa mpira walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Serikali ya mkoloni ikalazimika kuunda jopo la kuchunguza mishahara, na mishahara ikapanda. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka huo na kuhamishiwa Baringo. Mshahara ulioongezwa haukuondolewa pamoja naye.

Kwa hiyo viongozi wetu wakitaka tuje ofisini, tuko tayari, kwa masharti madogo. Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufika bungeni kufikia Aprili 30. Mwakani, muhtasari wake uwekwe kwa Kiswahili katika kila ofisi ya wadi wiki mbili kabla ya vikao, ukionyesha kila mradi, mahali ulipo, pesa zake na ukurasa wake. Maoni yetu yaandikwe, na kila oni lijibiwe kwa maandishi: limekubaliwa, au limekataliwa kwa sababu hii. Karatasi ya sahihi tutakayotia asubuhi isitumike kusema tuliafiki kilichoamuliwa jioni. Na yule muuza samaki aambiwe ukurasa.

Mkazi wa Mikindani,
Mombasa